Maziwa ya Garsen: samaki hutoka wapi, na kwa nini hupotea

Mgeni anayeshuka Garsen kutoka barabara ya Malindi kwenda Lamu hudhani kila samaki anayeuziwa Pwani ametoka baharini. Kambare na perege wa Garsen hawajawahi kuiona bahari. Ni samaki wa maji baridi, na wametoka katika maziwa madogo yaliyotawanyika pande zote mbili za Mto Tana: Shakababo, Bilisa, Dida Waride, Moa na mengine ambayo majina yake hayajulikani nje ya vijiji vinavyoyazunguka.

Kila baada ya miaka michache huja habari kwamba ziwa mojawapo limekauka. Wavuvi hupigwa picha wamesimama juu ya matope yaliyopasuka, viongozi hutoa ahadi, kisha mambo hunyamaza. Maelezo haya ni kwa yule anayetaka kujua maziwa haya ni nini hasa, samaki wake huzaliwaje, na mkono wa nani uko kwenye bomba.

Njia za zamani za mto

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Maji yake huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita Garissa na Hola, na kuingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Ukifika maeneo ya Garsen ardhi imekuwa tambarare kama mkeka. Mto hauna tena mteremko wa kuuharakisha, basi hupinda huku na huku. Kila pindo hula ukingo wa nje na kuacha mchanga upande wa ndani, hadi shingo ya pindo inakuwa nyembamba. Siku mafuriko makubwa yakija, mto hukata shingo hiyo na kufuata njia ya mkato. Pindo la zamani hubaki pembeni, limepinda kama mundu, limejaa maji. Maziwa mengi ya Delta yalizaliwa hivyo. Mengine ni mabonde tu ya chini ambayo maji ya mafuriko hutuama.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ziwa la namna hii si kama Ziwa Victoria, lenye mito yake ya kulijaza mwaka mzima. Ziwa la Delta hujazwa na Tana inapofurika, maji yakipita kwenye mifereji na vijito vinavyounganisha mto na ziwa. Mto usipopanda, ziwa hukaa likinywewa na jua na ng'ombe hadi msimu mwingine. Kwa kawaida maji hupanda mara mbili, masika kati ya Aprili na Juni, na vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Mvua yenyewe si lazima inyeshe Garsen. Mara nyingi mbingu ya Garsen huwa kavu kabisa na mto unapanda, kwa sababu kumenyesha Nyeri, Embu na Meru siku kadhaa kabla.

Samaki wa mafuriko

Mafuriko yanapotanda, nyasi za malisho hugeuka kuwa maji ya kina kifupi, ya vuguvugu, yenye mboji na wadudu tele. Kambare husubiri wakati huo. Hutoka mtoni na maziwani, huingia nyasini usiku na kutaga mayai yake huko. Vifaranga hukua haraka kwa sababu chakula ni kingi na samaki wakubwa wa kuwala wametawanyika. Perege naye ana mbinu yake: jike hubeba mayai kinywani hadi watoto waweze kujitegemea, na majani ya pembeni huwapa maficho. Maji yakianza kurudi, samaki hawa wote hukusanyika maziwani. Ndipo uvuvi unaponoga.

Kwa hiyo mvuvi mzoefu hahesabu samaki waliomo ziwani leo. Huuliza mafuriko ya msimu uliopita yalikuwaje na yalikaa muda gani. Maji yaliyopanda kwa wiki moja na kurudi hayamsaidii kambare kitu. Kifaranga hubaki kwenye dimbwi na kuliwa na korongo.

Yupo pia kamongo, samaki mrefu mwenye mapafu, ambaye wengine humwogopa kwa sura yake. Ziwa likikauka huchimba shimo kwenye matope, hujifunika ute unaogumu kama ganda, na kulala humo kwa miezi akisubiri maji. Kambare hawezi hilo, ingawa hupumua hewa na huweza kujikokota kwenye ardhi yenye umande kutafuta dimbwi jingine. Perege hana hata moja kati ya hizo mbili. Maji yakiisha, ameisha. Mkunga wa mtoni ana maisha ya ajabu kuliko wote, maana huzaliwa mbali baharini, hupanda mto akiwa mdogo kama uzi, huishi miaka mingi kwenye maji baridi, kisha hurudi baharini kutaga na kufa.

Vyombo vya kazi ni vile vile vya siku zote: mtumbwi wa gogo, ndoana na mshipi, nyavu, mitego ya kusuka, na mkuki pale maji yanapokuwa machache. Wapokomo wamevua hapa vizazi na vizazi pamoja na kilimo chao cha mpunga, ndizi na maembe. Baadaye walikuja wavuvi kutoka magharibi mwa Kenya, Waluo na Waluhya, wakaleta ufundi wa nyavu za ziwani. Samaki mbichi hasafiri vizuri kwenye joto la Garsen bila barafu, kwa hiyo sehemu kubwa hukaushwa kwa moshi au kukaangwa na kina mama karanga kabla ya kupelekwa sokoni. Faida kubwa ya kazi hii, kwa maoni yangu, huishia kwa yule mwenye gari na barafu.

Hatari nayo haikosi. Mamba na viboko hukaa maji yale yale. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha yake. Anayepatwa na msiba huo aripoti mapema kwa maafisa wa wanyamapori na polisi, na ahifadhi karatasi zote za hospitali, kwa sababu dai bila karatasi halisogei.

Bomba liko juu

Kati ya 1968 na 1988 Tana ilijengewa mabwawa matano ya umeme, moja baada ya jingine: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Kubwa la kuhifadhi maji ni Masinga, lililokamilika 1981, lenye uwezo wa kushika mita za ujazo zaidi ya bilioni 1.5. Nchi ilipata umeme, na huko Masinga na Kamburu kukazaliwa uvuvi mpya wa perege na kapi. Lakini bwawa hufanya kazi kwa kuzuia maji wakati wa mvua na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Yaani huondoa kile kilele cha mafuriko ambacho kambare wa Garsen alikuwa akikingoja. Mafuriko ya masika yamepungua nguvu tangu wakati huo. Tope lenye rutuba nalo hunasa nyuma ya kuta, na mkunga anayepanda kutoka Kipini hukutana na zege.

Mafuriko hayajakoma. Yale ya El Nino ya 1997 na 1998 yalibomoa kingo za mradi wa mpunga wa TARDA, na ya mwishoni mwa 2023 hadi 2024 yaliwahamisha maelfu ya watu. Kilichopungua ni yale ya kati, ya kila mwaka, ambayo hujaza maziwa bila kubeba nyumba. Siku hizi tunapata ama ukame ama gharika. Na kwa kuwa redio na magazeti hutaja mafuriko kama janga tu, ni rahisi kwa mtu wa Nairobi kuamini kwamba Garsen ingefurahi yasije kabisa. Mradi wa bwawa kubwa zaidi, High Grand Falls, umezungumzwa kwa miaka mingi. Kama utajengwa, swali la wavuvi si wangapi watalipwa fidia, bali ni nani atafungua maji, mwezi gani, na kwa siku ngapi.

Upande wa chini kuna adui wa pili. Mto ukidhoofika, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini. Wakulima wa mpunga wa Ozi wanalijua hilo vizuri.

Ziwa ni la nani?

Kwa Katiba ya 2010, uvuvi ni miongoni mwa kazi za serikali ya kaunti. Kanuni za 2007 zilianzisha vikundi vya wavuvi vinavyoitwa BMU, vyenye jukumu la kuandikisha wavuvi na vyombo, na Sheria ya Uvuvi ya 2016 ikaviendeleza. Nyavu za monofilamenti zimepigwa marufuku, na anayekokota chandarua cha mbu ziwani anavua samaki wa mwakani. Delta yenyewe, hekta 163,600, iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Karatasi hizo ni nzuri, ila ziwa lina watumiaji wengine. Mfugaji Muorma au Mwardei hulihitaji wakati wa kiangazi, na malka, njia ya mifugo kwenda majini, ni haki aliyoirithi. Mkulima naye hupanda kwenye udongo wenye unyevu maji yanaporudi nyuma. Maji yakiwa mengi watatu hawa huuziana maziwa, samaki na mahindi. Yakiwa machache, kila mmoja humwona mwenzake ndiye aliyeyamaliza. Sote tunakumbuka 2012 na mapema 2013, watu zaidi ya 100 walipouawa katika Delta hii. Sababu zilikuwa nyingi, na maji na malisho yalikuwa mojawapo.

Bwawa la Masinga haliko mikononi mwa kijiji, lakini mfereji wa kuingiza maji ziwani uko. Mifereji mingi huziba kwa tope, magugu na miti iliyoanguka, kiasi kwamba mto hupanda na ziwa lisipate kitu. Kuuzibua hakuhitaji mhandisi, kunahitaji majembe, mapanga, na makubaliano na mfugaji kuhusu mahali ng'ombe watakapovukia wasibomoe kingo. Kazi hiyo ifanywe kiangazi, Februari au mapema Machi. Maji yakishafika hakuna atakayeshuka mferejini na jembe; mamba huwa ameshatangulia.