Ikolojia, Mazingira na Kuni za Rutshuru

Mwaka 1974 Mfaransa Françoise d'Eaubonne alichapisha kitabu kilichozaa neno la Kifaransa écoféminisme. Alidai kwamba mfumodume umeikalia ardhi kama ulivyoukalia mwili wa mwanamke, ukivitaka vyote viwili vizae bila kupumzika. Katika Kiswahili wapo wanaoliita wazo hilo "ufeministi wa mazingira", na wapo wanaosema "ufeministi wa ikolojia". Wengi huyatumia majina hayo kwa kubadilishana. Mimi nayatenga, na sababu zangu ziko Rutshuru, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mazingira yamo ndani ya kitenzi zingira: ni vile vimzungukavyo mtu, naye amekaa katikati. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925 na kutiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1979, hutazamwa hivyo. Ndani ya mpaka kuna sokwe wa milimani na miti. Nje, huko Kiwanja na Rugari, kuna watu na maharage yao. Ikolojia huvuka mpaka huo kwa kuuliza nani anamtegemea nani. Ukiuliza hivyo, utalifuata gunia la makala (ndivyo mkaa uitwavyo huku) kutoka msituni hadi majiko ya Goma, mji ambao kwa miaka mingi umepikia miti ya Virunga. Njiani utawakuta wenye bunduki wakitoza kodi, mchomaji asiye na shamba, na mama aliyeinama chini ya mzigo. Sokwe wa familia ya Rugendo walipouawa kwa risasi mwaka 2007, biashara hiyo hiyo ndiyo iliyoshukiwa.

Sasa, mama huyu ni wa shule ipi ya ufeministi? Mfeministi wa kiliberali atafungua sheria. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria. Marekebisho ya 2016 yaliifuta idhini hiyo, na huo ni ushindi wa kweli. Lakini shamba halikuja pamoja na sheria, kwani mila nyingi bado humrithisha mtoto wa kiume. Mfeministi wa Kimarx atauliza ardhi ni ya nani, na kwa nini kazi ya kuteka maji na kutafuta kuni haihesabiwi kuwa kazi. Mfeministi wa kiradikali atautazama mwili: vita vya waasi wa M23 vilipowasukuma watu wa Rutshuru hadi kambi za karibu na Goma kuanzia 2022, Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu wanawake wengi waliobakwa walipokwenda kutafuta kuni. Sheria, mali, mwili: yote hayo hukutana katika safari moja ya kuni. Mtazamo wa kiikolojia una thamani pale unapozikutanisha shule hizo tatu, na hauna thamani yoyote unapojifanya shule ya nne inayojitosheleza.

Hatari ya mtazamo huo naijua: ni kumfanya mwanamke mlinzi wa maumbile kwa silika. Mhindi Vandana Shiva, katika kitabu chake cha 1988, aliwaona wanawake wa vijijini India kuwa karibu na uhai wa maumbile. Bina Agarwal, Mhindi mwenzake, alimjibu mwaka 1992 kwamba ukaribu huo hutoka katika mgawanyo wa kazi na mali. Agarwal yuko sahihi. Mama wa Rutshuru haongozwi msituni na silika. Anakwenda kwa sababu sufuria imewekwa mikononi mwake, na kesho huenda yeye mwenyewe akauza makala ili alipe ada ya mtoto. Kumwita mlinzi wa maumbile ni kumwongezea mzigo mwingine. Agarwal mwenyewe alipendelea jina lenye mazingira ndani yake. Namfuata katika hoja, katika jina namwacha.

Tofauti hii ya mazingira na ikolojia inagusa hata miradi. Tangu Desemba 2015 mtambo wa Matebe, juu ya Mto Rutshuru, unatoa umeme unaoweza kushika nafasi ya makala. Mtu wa mazingira atauliza ni miti mingapi imebaki imesimama. Wa ikolojia atauliza hilo pia, kisha ataingia jikoni: nani amemudu jiko la umeme, nani bado anapuliza makala, na msichana wa nyumba ile amepata saa ngapi za kusoma.