Kutoka gunia hadi Nyumba Kumi: nani hulinda jina la mtoa habari Eastlands?

Ukihudhuria mikutano ya usalama katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, utagundua kuna swali ambalo huchelewa kuulizwa. Watu huanza na taa za barabarani zilizozimika, vichochoro vya kutokea steji, na simu zinazonyakuliwa alfajiri wakielekea kazini. OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hujibu, chifu huongezea, mzee wa mtaa hushukuru kwa niaba ya wote. Mkutano ukikaribia kufungwa, mama mmoja wa viti vya nyuma husimama, akajifunga leso vizuri, akauliza: nikikupigia simu usiku nikakutajia kijana aliyevunja duka, kesho asubuhi atajua ni mimi?

Hapo ukumbi hunyamaza. Jibu la swali hilo ndilo huamua kama wiki ijayo viti vitajaa au vitabaki vitupu.

Swali lenyewe si geni Eastlands. Limedumu kwa miaka zaidi ya 70.

Aprili 24, 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wanajeshi na polisi wa serikali ya kikoloni waliizingira Nairobi katika msako walioupa jina Operesheni Anvil. Walipekua mtaa baada ya mtaa, na zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakaishia vizuizini. Kati ya mbinu zilizotumiwa katika misako ya enzi hiyo, moja haijasahaulika hadi leo. Watu walipangwa foleni, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Hakusema neno. Akitikisa kichwa, wewe unatolewa foleni. Wakikuyu walimwita gakunia. Aliyekuwa ndani ya gunia huenda alikuwa jirani yako, mfanyakazi mwenzako, hata mtu wa ukoo wako, nawe hukujua umekosa nini wala ungejitetea kwa nani.

Upande wa pili nao ulikuwa na makaburi yake. Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyewapinga wapiganaji wa Mau Mau, aliuawa Novemba 1952. Diwani Ambrose Ofafa aliuawa mwaka uliofuata. Mitaa iliyojengwa baadaye ilipewa majina yao, kwa hiyo anayeshuka matatu Mbotela au Ofafa Jericho leo anakanyaga kumbukumbu ya miaka ile, ajue asijue. Funzo ambalo wazazi waliwaachia watoto lilikuwa fupi: ona, nyamaza.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika. Kituo cha polisi kilibaki mahali pa kuitwa, si mahali pa kwenda mwenyewe. Buru Buru ilipojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, nyumba zilipangwa katika makundi, na uhalifu ulipozidi wakazi walichanga pesa, wakaweka mageti na kuajiri soja wa usiku. Hiyo ni njia ya mwenye mshahara. Dandora, Korogocho na Mathare geti halikuwezekana, hivyo ulinzi ukaachiwa vijana wa mtaa. Mahali pengine vijana hao walifanya doria kwa nia njema na rungu mkononi. Penginepo doria iligeuka ushuru: huna pesa ya ulinzi, wanaokulinda ndio watakaokuibia.

Usiku wa Machi 3, 2002, Kariobangi Kaskazini ililipa gharama ya ulinzi wa namna hiyo. Uhasama kati ya kundi la Mungiki na lile lililojiita Taliban uliishia katika mauaji ya zaidi ya watu 20, waliokatwa kwa mapanga na mashoka. Serikali ilipiga marufuku makundi 18 mwezi huohuo. Marufuku ilikuwa ya lazima, lakini haikumwambia mkazi wa Kariobangi ampigie nani simu saa nane za usiku.

Wakati huo wazo la polisi na wananchi kuketi meza moja lilikuwa limeanza kujaribiwa katikati ya jiji, likisukumwa na wafanyabiashara na watetezi wa haki za binadamu. Aprili 2005 Rais Mwai Kibaki alilizindua kitaifa huko Ruai, mashariki mwa jiji. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 244, iliwataka polisi wajenge uhusiano mwema na jamii, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ikatenga sehemu nzima kuhusu kamati za ushirikiano huo. Kwa maandishi, hatukupungukiwa.

Kisha likaja shambulizi la Westgate, Septemba 2013, lililoua watu 67, na kwa haraka serikali ikaleta mpango wa ulinzi wa Nyumba Kumi chini ya uongozi wa Joseph Kaguthi, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa wa Nairobi. Mtindo huo ulitoka Tanzania, ambako chama cha TANU kiliwapanga wanachama wake katika mashina ya nyumba kumi kumi tangu katikati ya miaka ya 1960, kila shina na balozi wake. Kijijini, balozi anajua mbuzi wa nani amezaa. Sasa ilete hesabu hiyo Pipeline au Umoja. Nyumba kumi hapo ni milango ya korido moja, ghorofa ya tano, katika ploti ambayo mwenyewe haonekani ila kwa keyateka wake. Mwisho wa mwezi wawili wanahama usiku, watatu wapya wanapandisha magodoro ngazi. Nani anamjua nani? Mwenyekiti wa nyumba kumi anapoulizwa kuhusu jirani wa mlango wa saba, mara nyingi anachojua ni rangi ya pazia lake.

Nasema haya si kwa kuwabeza wanaojitolea. Wengi wao ni akina mama wa vibanda, mafundi na wazee waliostaafu, wasiolipwa hata senti, wanaoamshwa usiku na wenye shida na kulaumiwa asubuhi na wote. Wanastahili mfumo unaowalinda. Lakini polisi nao wana deni. Machi 30, 2020, siku chache baada ya kafyu ya korona kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, akafa. Kwa miaka mingi vituo vya haki za kijamii, kikiwemo kile cha Mathare, vimekuwa vikiandika majina ya vijana waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani. Mama yule wa viti vya nyuma anayajua majina hayo. Anajua pia kwamba jina atakalolitaja yeye laweza kuwa la mwana wa rafiki yake, na hana hakika kijana huyo atafikishwa kortini akiwa hai. Hofu yake ina pande mbili: mhalifu atamjua, au polisi watamuua mtu kwa neno lake.

Sheria ya Kulinda Mashahidi ipo tangu 2006, ila ilitungwa kwa ajili ya shahidi wa kesi, si kwa mwenye kibanda aliyepiga simu mara moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila OCS wa Makadara, Kayole, Buruburu na Dandora ni hili. Mkutano ujao, kabla ya kuomba wananchi majina, waeleze mambo matatu: nani kituoni hupokea simu yao, jina lao huandikwa wapi na nani huruhusiwa kulisoma, na wale waliotajwa mkutano uliopita wako wapi sasa. Nawe mkazi, nenda, kaa mbele, uliza.