Mtu wa Kilo 65 na Mama wa Gesima

 

Siku ya soko ukipita dukani pale Keroka, chukua pakiti ya biskuti au ya nafaka za asubuhi, uigeuze nyuma usome. Baadhi ya pakiti zimeandikwa kwamba hesabu yake imefanywa kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama vile lita ilivyo kipimo cha maji. Sasa jiulize, huyo mtu wa kalori 2,000 ni nani? Je, ni wewe, unayeamka saa kumi na moja alfajiri, ukanywa kikombe cha chai, ukaingia shambani kuchuma majani chai mpaka jua la utosi, huku una mtoto wa miezi minne anayenyonya?

Si wewe. Namba hiyo ilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati serikali ya huko ilipotaka maandishi ya namna moja kwenye pakiti zote. Watu waliulizwa wanakula nini. Wanawake walisema kati ya kalori 1,600 na 2,200, wanaume kati ya 2,000 na 3,000. Kwanza ikapendekezwa 2,350, kisha ikapunguzwa ikawa 2,000, namba nyepesi ya kukumbuka. Ni namba ya pakiti, basi.

Lakini kulikuwa na mtu mwingine kabla ya huyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliundwa mwaka 1945. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa John Boyd Orr wa Uskoti, na mambo ya Kenya hayakuwa mageni kwake. Mwaka 1931, yeye na daktari John Gilks walikuwa wamechapisha utafiti uliolinganisha chakula na afya ya Wakikuyu na Wamaasai. Orr alikuwa amekwisha kuondoka FAO wakati kamati ya shirika hilo ilipotoa hesabu yake ya kalori mwaka 1950. Kamati ilimchora mwanamume wa mfano: umri miaka 25, uzito kilo 65, anaishi mahali penye wastani wa nyuzi joto 10. Akapewa kalori 3,200 kwa siku. Mwanamke wa mfano alikuwa na kilo 55, akapewa 2,300.

Nyuzi 10! Hata baridi ya Gesima ya mwezi wa saba mchana haifiki hapo. Tuwe wa haki, wataalamu wenyewe walisema namba zirekebishwe kufuatana na uzito, umri na hali ya hewa. Ila namba ikishachapishwa, watu huikumbuka namba na kusahau maelezo yaliyofuata.

Badiliko kubwa lilikuja na kikao cha Roma cha mwaka 1981, ambacho ripoti yake ilitoka mwaka 1985. Pale wataalamu walianza hesabu kutoka upande wa pili: mwili huu unatumia nguvu kiasi gani, ukiwa umelala na ukiwa kazini? Kikao kingine kilifanyika mwaka 2001, na ripoti yake ya mwaka 2004 inamtaja wazi mtu anayelima kwa mkono, anayepalilia, anayeteka maji na kukusanya kuni. Fuata hesabu yake pamoja nami. Mwanamke kijana wa kilo 55 anayekaa ofisini anahitaji kama kalori 1,950. Mwanamke wa umri huo na kilo hizo hizo, lakini wa jembe na kuni, anaweza kufika 2,860. Akiwa ananyonyesha, miezi 6 ya kwanza huongezewa 505 kwa siku, na kama mwili wake umekonda huongezewa 675. Jumlisha. Unapita 3,300. Yaani mama anayenyonyesha na kulima anahitaji chakula kuliko yule mwanamume wa mfano wa mwaka 1950.

Na katika nyumba nyingi mama huyo ndiye anayekula mwisho, baada ya kuwapakulia wengine obokima. Mara nyingine anakuta mboga imekwisha, anakwangua sufuria.

Labda utasema, mwili wa mwanamke wa kwetu umezoea. Kuna ukweli kidogo hapo. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walipima wanawake Wajaluo waliobeba mizigo kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa kamba ya kipaji. Waliona wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Lakini zaidi ya hapo gharama ilipanda pamoja na mzigo. Kwa mama wa kilo 55, asilimia 20 ni kilo 11. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na walipimwa wakitembea mahali tambarare, si wakipanda kilima kutoka mtoni. Isitoshe, utafiti wa baadaye huko Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa wanawake wote. Mmoja alitofautiana sana na mwenzake.

Kwa watoto wachanga namba zilileta hatari ya aina nyingine. Hesabu ya 1985 ilitokana na kuangalia watoto walikuwa wanakula kiasi gani, wengi wao wa nchi tajiri, kisha ikaongezwa asilimia 5 juu yake. Ilikuwa kubwa mno. Ukiifuata, maziwa ya mama yanaonekana hayatoshi kabla ya miezi 6, na nyanya anayesema mtoto apewe uji mapema anapata wa kumuunga mkono. Ripoti ya 2004 iliishusha hesabu hiyo. Mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito kwenye kadi yake hahitaji kitu kingine mpaka miezi 6 itimie.

Zile kalori 505 zako ni takriban viazi vitamu viwili vya kiasi na avokado moja ndogo. Vile au avokado unaviuza barabarani; bakisha vyako. Weka sehemu yako kando kabla ya kupakua, pamoja na chinsaga au rinagu. Na siku ya kliniki, mtoto akishapimwa, mwombe muuguzi akupime na wewe, kwa mizani na kwa utepe wa mkono.