Mtoto akirudi na figo mpya: dawa za kila siku na taabu zake

Mtoto wa Lubumbashi mwenye figo ao ini lililoharibika kabisa, kama familia iko na uwezo, anapelekwa inje ya inchi juu ya greffe, ni kusema kupandikizwa kiungo cha mtu mwingine. Kuna wanaoelekea India, wengine Afrika Kusini, fasi hospitali ya watoto ya Red Cross kule Cape Town inapandikiza maini tangu 1987. Karibu zaidi, Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza greffe ya figo mwaka 2017. Watu wanauza kiwanja, ndugu wanachanga, na mara mingi ni mama ao baba anatoa figo yake moja. Wakirudi nyumbani, majirani wanafikiri kazi imekwisha. Kumbe hapo njo inaanza.

Mwili uko na askari wake wa kupigana na magonjwa. Wanapoona figo ngeni wanaishambulia kama adui. Dawa za greffe zinawatuliza askari hao, na mtoto anazimeza kila siku, muda wote kiungo kile kinaishi. Kwa kawaida ni tatu pamoja: takrolimusi ao siklosporini, mikofenolati ao azathioprini, na prednisoni.

Prednisoni ndiyo inaonekana kwa macho. Uso unakuwa mviringo, njaa haiishi, na jirani anasema: "Mutoto amenona, aksanti Mungu!" Si kunona, ni dawa. Ikitumiwa muda mrefu inachelewesha mtoto kukua, inalegeza mifupa, inapandisha sukari na tansio, na inaweza kumfanya awe mkali ao akose usingizi. Ndiyo sababu waganga wanaipunguza pole pole. Lakini mzazi asiikate mwenyewe siku moja: mwili umezoea kuipata kutoka inje, umeacha kutengeneza ya kwake, na mtoto anaweza kuanguka vibaya kwa homa ndogo tu.

Takrolimusi ni ya kuchunga zaidi. Ikizidi, mikono inatetemeka, kichwa kinauma, tansio inapanda, na figo inaharibika, hata ile mpya iliyouziwa kiwanja. Ikipungua, askari wanaamka na kiungo kinakataliwa. Katikati ya hizo mbili nafasi ni ndogo. Ndiyo maana damu inapimwa asubuhi, mbele ya kumeza dawa, karibu saa 12 kisha ile ya jioni. Mtoto akimeza kwanza, kipimo hakina maana.

Na kuna vitu vinavyogeuza kipimo hicho bila mtu kujua. Kuhara kunapandisha takrolimusi katika damu, kwa hiyo mtoto anayehara wakati wa mvua asingojewe apone peke yake. Eritromisini na flukonazoli zinaipandisha pia, na tunda la pamplemusi vile vile. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaishusha sana. Ibuprofeni na diklofenaki, zile watu wananunua kwenye famasi ya barabarani bila karatasi ya mganga, zinaumiza figo. Kwa maumivu parasetamoli inatosha. Miti ya kienyeji nayo, hakuna anayejua itafanya nini pamoja na dawa hizi. Siklosporini inavimbisha fizi na kuotesha nywele usoni, jambo linalowasumbua sana wasichana.

Homa ikifika 38, mtoto aende hospitali siku ile ile. Apimwe malaria, ndiyo, lakini isiishie hapo, maana anaweza kuwa na malaria na ambukizo lingine pamoja.

Chanjo ni jambo lingine la kujua mapema. Zile zenye kijidudu kilicho hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, kwa kawaida hazitolewi kisha greffe. Zinapangwa mbele ya safari. Si mambo madogo katika inchi ambako surua iliyoanza 2019 iliua watu zaidi ya 6,000. Ndugu zake nyumbani wachanjwe surua, haina hatari kwake. Lakini matone ya polio ni tofauti: hata akipewa mdogo wake, kijidudu kinaweza kumfikia mgonjwa. Wachanjaji wakibisha hodi, mama aseme wazi kwamba nyumbani kuko mtoto wa greffe, na aulize kituo cha afya chanjo ya sindano.

Wengi wanaacha dawa wakiwa vijana, wamechoka na uso uliovimba na chunusi. Kumgombeza hakusaidii sana; mganga anaweza kubadilisha ao kupunguza. Msichana anayemeza mikofenolati aelezwe mapema kwamba inaharibu mimba.

Na siku ndugu anatuma takrolimusi kutoka inje, katoni ikiwa ya kiwanda kingine, mganga aone kwanza. Jina linaweza kuwa lile lile, lakini kipimo katika damu kikabadilika.