Sungura Alikawia Kufika Kibera

Sungura na Fisi hawakuwahi kukosekana Kibera wala Kawangware. Familia zilizotoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Mlima Kenya kutafuta kazi Nairobi zilikuja na ngano zao, na Sungura akaendelea kuwahadaa wakubwa wake kwa lugha zao zote. Kilichokosekana ni kitabu cha picha, kile ambacho mtoto wa miaka minne, asiyejua hata a, e, i, o, u, anakifungua mwenyewe na kusema, "Huyu ni ndovu!"

Wachapishaji walikuwapo. East African Literature Bureau ilianzishwa Nairobi mwaka 1948, na East African Publishing House ikafuata mwaka 1965. Mwaka 1966 Pamela Kola alitoa East African How Stories, kisha Asenath Bole Odaga akatoa The Hare's Blanket. Kazi hizo ni za kuheshimiwa, kwa kuwa zilihifadhi ngano za mabibi kabla hazijapotea. Hata hivyo ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kujua kusoma. Mdogo wake hakuandikiwa.

Sababu kubwa ilikuwa pesa. Mchapishaji wa Kenya huishi kwa vitabu vya kiada, na soko la vitabu hivyo hufuata fedha za serikali. Chekechea haikuwa na fungu la maana. Ni kweli kwamba mwaka 1984 kiliundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE. Lakini elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, nasari iliachiwa wazazi. Kibera na Kawangware, nasari nyingi zilikuwa za makanisa, vikundi au watu binafsi, na karo iliishia kwenye kodi ya nyumba na mshahara wa mwalimu. Basi mwalimu akawa ndiye mchapishaji. Alipasua gunia, akalitandaza ukutani, akachora ng'ombe, kuku, samaki na twiga. Kwangu mimi, chati hizo za gunia ni sehemu halali ya historia hii, na waliozichora wanastahili kukumbukwa pamoja na kina Odaga.

Hata kisa chetu wenyewe, cha kiboko yatima Owen na kobe Mzee wa Haller Park, Mombasa, kilipokuwa kitabu cha picha mwaka 2006, kilichapishwa Marekani.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Mwaka 2013 vitabu vikatozwa VAT ya asilimia 16, mzigo mkubwa kwa mzazi anayeishi kwa kibarua. Mwaka 2014 mradi wa African Storybook, kutoka Afrika Kusini, ukaanza kutoa hadithi za picha bila malipo, za Kiswahili zikiwamo, ambazo mwalimu anaweza kuzipakua kwa simu na kuzichapisha.

Kaunti ya Nairobi izichapishe hadithi hizo, izifikishe hata katika nasari za mabati zisizo za serikali, na ianze na mbuzi, kuku na korongo wa mtaani. Simba atafuata.