Matumaini yenye tarehe: Kolwezi ilivyoongozwa wakati wa shida



Ukitaja Mashamba hapa Kolwezi, hakuna mtu atafikiri mahindi. Atafikiri shimo. Mashamba Est na Mashamba Ouest zilikuwa karyeri za shaba za Gécamines, na kwa miaka mingi zilikuwa zimejaa maji tu, juu ya pampu zilisimama na hakukuwa na pesa ya kuziwasha tena. Mie niliyesoma agronomia, kila mara nikisikia jina hilo nacheka kidogo. Jina la kilimo, kazi ya madini, na ndani yake maji.

Nimeanza na shimo hilo juu ya mazungumzo yetu ya siku hizi: eti kiongozi mzuri wakati wa shida ni yule anayewapa watu matumaini. Wengi mmekubali haraka. Mie pia nakubali, lakini napenda tuulize kwanza: matumaini gani? Mji wetu umeongozwa kwa matumaini tangu ulipoanza, tena mara nyingi, na si yote yaliyotuvusha. Mengine yalituzamisha. Tuangalie historia.

Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Mwanzoni wafanyakazi walikuja na kukimbia, juu ya kazi ilikuwa kali na magonjwa mengi. Kisha kampuni ikaona afadhali kumfunga mtu kwa nyumba kuliko kwa kamba. Ikajenga kambi, hospitali, mashule. Ikatoa posho ya bunga, mafuta, samaki. Mke akajifungua kwa daktari wa kampuni, mtoto akasoma kwa kampuni, kisha kijana akaingia kazi palepale babake alipokuwa. Mwaka 1967 ikawa mali ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines, lakini mtindo haukubadilika. Wazee wetu walikuwa na msemo ambao wengi wenu mmeusikia nyumbani: kazi njo baba, njo mama.

Hayo yalikuwa matumaini ya kweli kabisa, siyadharau. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mtoto wa Kapata au wa Luilu alijua kesho yake ilivyo. Shida ni kwamba matumaini hayo yote yalikuwa mikononi mwa mmoja. Raia hakuwa na sehemu yake ya kuyalinda. Ukimfundisha mtu kwa miaka 60 kwamba kampuni ni baba, siku baba anaanguka hana hata mjomba wa kukimbilia.

Na baba akaanguka. Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa chini wa Kamoto ilibomoka. Oktoba 1991 uporaji ulifika Lubumbashi, Likasi na hapa Kolwezi, wataalamu wa kigeni wakaondoka. Vipuri hakuna, mafuta hakuna, na pesa ya shaba ilikuwa imekwisha kuliwa Kinshasa tangu zamani. Kufika mwaka 1994 Gécamines ilitoa karibu tani 30,000. Rudini kwenye ile 470,000, halafu mfikirie watu wote waliokuwa wanakula juu ya tofauti ile. Profesa Dibwe dia Mwembu wa UNILU alipoandika kitabu chake juu ya familia za wafanyakazi hao, kilichotoka mwaka 2001, alikipa jina la Kifaransa linalosema wazi: Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Sasa, hapa njo pahali ambapo kiongozi alihitajika. Watu wana njaa, mshahara haufiki, kila mtu anauliza kesho itakuwa namna gani. Na kiongozi alitokea. Gabriel Kyungu wa Kumwanza aliwekwa kuwa gavana wa Shaba mwishoni mwa mwaka 1991, naye alijua kusema na watu. Wazee waliomsikia wanakubali hivyo mpaka leo, hata wale waliomchukia. Yeye na Nguz Karl-i-Bond wa chama cha UFERI waliwaambia vijana: Katanga, simameni. Nchi hii ni yenu, utajiri ni wenu, kazi zitakuwa zenu. Kwa kijana aliyekuwa amekaa bila kazi hayo yalikuwa maneno matamu. Yalikuwa matumaini, tusikatae kuyaita hivyo.

Lakini sharti lake lilikuwa moja: Wakasai waondoke. Waliitwa bilulu, wadudu. Mimi nimesoma wadudu darasani miaka kadhaa. Ukiisha kumwita mtu mdudu, kila mmoja anajua nini kinafuata. Vurugu zilianza Likasi mwaka 1992, na Machi 1993 zikafika Kolwezi. Watu waliozaliwa hapa, ambao babu zao waliletwa na Union Minière yenyewe kufanya kazi, walifukuzwa nyumbani. Walilala gare na katika mashule wakingoja treni, wiki na wiki, wengine miezi. Watoto walikufa palepale kwa magonjwa. Wengine walikufa njiani, ndani ya mabehewa, kabla ya kuiona hiyo Kasai ambayo hawakuijua.

Na kazi je? Nafasi ziliachwa wazi, ndiyo. Wengine waliingia katika nyumba na ofisi za waliofukuzwa. Lakini mgodi haukusimama, juu ya kilichouangusha hakikuwa jirani. Kilikuwa mwamba uliobomoka, mashine zisizotengenezwa na pesa zilizoibwa. Tena katika waliofukuzwa walikuwamo mafundi, wahandisi, walimu na wauguzi. Mwaka uliofuata, njo ule mwaka wa tani 30,000. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kikubwa cha historia yetu juu ya jambo hili: kiongozi alijaza watu matumaini mpaka yakamwagika, na mji ukatoka pale maskini zaidi kuliko alivyoukuta. Kuna wenzetu katika umoja huu ambao familia zao zilipanda treni zile, na wengine ambao familia zao zilibaki zikiangalia. Tunaandika pamoja hapa. Sioni kwa nini tulizungumze kwa kunong'ona.

Wakati huohuo kulikuwa na uongozi mwingine ambao haukuwa na maikrofoni. Wamama.

Mke wa mfanyakazi wa Gécamines zamani alikuwa wa nyumbani; kampuni yenyewe ilipenda hivyo. Mshahara ulipokatika, yeye njo alibeba jembe. Wakalima pembeni ya kambi, kisha kandokando ya barabara, kisha mbali zaidi, mahali unapotembea saa mbili na mtoto mgongoni. Wakauza sombe, viazi vitamu, mkaa, mandazi. Baba alikuwa bado anaenda kazini kila asubuhi, bila malipo, juu ya jina lake lisifutwe kwenye orodha. Baba ana matumaini na mama ana matumaini, katika nyumba moja. Lakini ya baba yalikuwa kungoja: labda mwezi huu watalipa, labda mwezi kesho. Ya mama yalikuwa na kalenda.

Niruhusuni niseme kama mtu wa agro. Udongo wetu mwingi hapa Lualaba ni mwekundu, wenye asidi, mvua zimeuosha rutuba. Mahindi bila mbolea yanakupa kidogo sana. Muhogo unavumilia. Ukipanda mahindi Novemba au Desemba mvua zikishika, unavuna Aprili au Mei. Muhogo unataka mwaka, wakati mwingine mwaka na nusu na zaidi. Kwa hiyo mama aliyepanda muhogo mwaka 1993 alijua tarehe ya kula kwake, alijua nini kingeweza kuharibu, na mwisho wa msimu alijua kama alikosea. Baba hakujua tarehe yoyote. Mwaka ukipita bila mshahara, hakuna kitu kilichomwonyesha kwamba kungoja kwake ni bure, basi aliendelea kungoja. Nawaheshimu wababa hao, hawakuwa wavivu. Walikuwa wameaminishwa.

Haya, mwaka 2003 ukafika na matumaini ya tatu, haya ya bahasha. Serikali pamoja na Benki ya Dunia walipanga kupunguza wafanyakazi wa Gécamines, wakaita mpango huo kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi 10,655 waliondoka. Hiari gani, kwa mtu mwenye malimbikizo ya mshahara ya miezi na miezi? Waliambiwa: chukueni pesa hii, anzeni maisha mapya, fanyeni biashara, limeni. Kwa wengine pesa ile ilikuwa nyingi kuliko walizowahi kushika kwa mkupuo mmoja. Wakanunua friji ya kuuza vinywaji, gari la teksi lililokwisha kuchoka, mashine ya kusaga. Wengine walilipa madeni na karo, ikaisha siku hiyohiyo. Mtu wa miaka 55 aliyetumia maisha yake kuendesha mashine ya kuchimba hawezi kuwa mkulima au mfanyabiashara kwa sababu umempa bahasha na hotuba. Nani alimwonyesha mbegu? Nani alirudi baada ya msimu mmoja kuuliza imekuwaje? Wengi wao walijiunga katika kundi la kudai haki zao, wakafikisha malalamiko mwaka 2009 mpaka kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia yenyewe.

Naweka pembeni ya hayo kisa cha jirani zetu wa Kenya, juu ya wengine mtaniuliza: basi kuna kiongozi aliyefaulu? Wangari Maathai alianza harakati yake ya Green Belt mwaka 1977, akipanda miti saba tu bustanini Nairobi. Watu aliotaka kuwaongoza walikuwa wamama wa vijijini: kuni zimeisha, vijito vimekauka, pesa hakuna. Hakuwaambia kwamba Kenya itakuwa nzuri. Aliwafundisha kuotesha miche, na kuwalipa pesa kidogo sana kwa kila mche. Lakini angalieni sharti: malipo yalikuwa kwa mche ulioshika na kuishi, siyo kwa kuchimba shimo na kupiga picha. Mama alilazimika kurudi kumwagilia, kuzuia mbuzi, kuhesabu. Wasomi wa misitu waliwacheka, eti mtu bila diploma hawezi kupanda mti. (Sisi wenye lisansi tusome sentensi hiyo mara mbili.) Alipopewa Nobeli ya Amani mwaka 2004, miti ilikuwa zaidi ya milioni 30.

Na wamama wale hawakubaki kwenye miti tu. Mwaka 1989 Maathai alisimama dhidi ya serikali ya Moi iliyotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, na jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alikuwa pamoja na wamama waliodai watoto wao waliofungwa kwa siasa, wakapigwa na polisi, naye akapigwa mpaka akazimia. Walirudi na kuendelea. Mtu aliyekwisha kuona mche wake ukiwa mti, sidhani ni rahisi kumwambia kwamba hakuna kitakachobadilika.

Tukirudi nyumbani: Mashamba Ouest na Dikuluwe leo ziko ndani ya mkataba wa Sicomines, uliotiwa sahihi na Wachina mwaka 2008. Madini kwa barabara, hospitali na mashule. Mabilioni ya dola yalitajwa kwenye hotuba, na watu walipiga makofi, wazazi wetu pia. Februari 2023 ukaguzi mkuu wa fedha, IGF, ukatangaza kwamba kwa miaka yote hiyo pesa zilizokwenda kwenye miundombinu zilikuwa dola milioni 822. Mwaka 2024 mkataba ukarekebishwa, na sasa wanataja mpaka dola bilioni 7. Mashimo mawili hayo yaliwapa watu matumaini ya miaka 15 na hakuna raia wa kawaida aliyekuwa na kipimo mkononi cha kuyapimia. Orodha ya barabara, kata kwa kata, mwaka kwa mwaka, ingetosha. Karatasi moja ingebandikwa ukutani kwa meya.

Mkubwa akija tena kutuambia Lualaba itakuwa ghala la chakula la nchi, na watakuja, nina maswali ya mtu wa agro tu. Chokaa ya kupunguza asidi kwenye udongo itafika lini, na magunia mangapi? Mbegu zitafika kabla ya Novemba ao zitafika Januari, kama tulivyokwisha kuona, wakati mahindi ya wenzako yanafika magotini? Nani atarudi mwezi wa tano kuhesabu gunia kwa gunia pamoja na mama mwenye shamba, na kama gunia ni chache atasema nini mbele yake?