Watu na Milima ya Usambara

Wahenga walisema kuwa milima haikutani, lakini wanadamu hukutana. Katika nchi yetu, hata hivyo, imo milima ambayo yenyewe ilikuwa mahali pa kukutania. Milima ya Usambara, iliyoko Mkoa wa Tanga, ni mfano bora. Kwa muda mrefu imewapokea wawindaji, wakulima, watawala, walowezi na wataalamu. Katika makala haya tutaeleza jinsi Washambaa walivyoikalia milima hiyo, na jinsi elimu yao ilivyogongana na amri za wageni. Swali letu ni hili: ni nani anayestahili kuitwa mjuzi wa mlima?

Usambara imegawanyika sehemu mbili, Mashariki na Magharibi, zinazotenganishwa na bonde la mto Lwengera. Vilele vya Magharibi hupita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali chini yake imetandaa nchi kavu yenye joto na mvua haba. Washambaa waliieleza tofauti hiyo kwa maneno mawili: shambaai, yaani nchi ya juu yenye mvua na migomba, na nyika, yaani nchi ya chini. Mshambaa ni mtu wa shambaai.

Msomaji angeweza kudhani kuwa wazee hao walijificha katikati ya milima. Sivyo. Vijiji vingi vya kale vilijengwa karibu na ukingo wa milima, ili watu waweze kulima juu na chini pia. Juu walipanda migomba, na kati yake maharage na mazao mengine. Kivuli na majani vikaukinga udongo na mvua kali. Nyikani waliwinda, wakalima mazao mengine. Upande mmoja ukikosa chakula, upande wa pili uliwaokoa. Lakini hawakupenda kulala nyikani, kwa kuwa walijua kuna homa. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyefanya uchunguzi katika nchi hii mnamo mwaka 1898, alieleza kuwa watu wa Usambara waliiita homa hiyo kwa jina la mdudu anayeileta: mbu. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wangali wakibishana juu ya jambo hilo.

Juu ya utawala, masimulizi yasema kuwa Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliwagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, nao wakampa chakula cha mashambani. Hatimaye wakamfanya mtawala wao huko Vugha. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Tusizichukue kuwa hadithi za kuburudisha tu, kwani ndani yake twaona mapatano kati ya mwindaji na mkulima, kati ya nyika na shambaai. Ufalme huo ulifikia upeo wake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Wajibu mkuu wa mfalme ulikuwa kuleta mvua na shibe, jambo ambalo Washambaa waliliita kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi. Watawala walipogombana, waliambiwa kuwa wanaibana shi, yaani wanaidhuru nchi. Baada ya Kimweri, vita vya kugombea madaraka, vikichochewa na bunduki na biashara ya watumwa, viliidhuru nchi kwelikweli.

Wajerumani walipoingia, walianza mwaka 1893 kujenga reli kutoka Tanga, wakatwaa ardhi kwa mashamba ya kahawa. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti huko Amani. Kazi ya Amani haikuwa ndogo, kwani mimea ya kutoka pembe nyingi za dunia ilijaribiwa pale. Hata ua dogo la zambarau la misitu hiyo, lililopewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, limekuwa pambo la madirisha ya Ulaya na Marekani. Lakini utafiti huo ulikusudiwa hasa kuwafaa walowezi. Mkulima wa migomba hakuulizwa neno.

Kutoulizwa huko kulileta mgongano mkubwa wakati wa Waingereza. Watu waliongezeka, ardhi ikapungua, udongo ukawa unachukuliwa na mvua. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa hifadhi ya udongo huko Mlalo, kisha ikaupanua. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta, na aliyekaidi aliadhibiwa. Mzigo wa kazi hiyo uliwaangukia zaidi wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula cha nyumbani. Mashamba yalikuwa madogo, na wengi waliogopa kuwa mwisho wake watanyang'anywa ardhi. Wakakataa. Upinzani wao ukaungana na harakati za TANU, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli. Kuikataa amri mbaya hakukuurudisha udongo uliokwisha kuporomoka. Mmomonyoko haukuwa uzushi wa wakoloni, nao uliendelea baada ya Uhuru. Mwaka 1981 mradi mwingine ulianza Lushoto kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Huu ulihimiza kupanda miti na mistari ya majani ya malisho kukingama mteremko, na ng'ombe kulishwa zizini. Majani yaliushika udongo, na papo hapo mkulima alipata maziwa na samadi. Kukinga udongo na kuishibisha nyumba vikawa kazi moja, kama ilivyokuwa chini ya migomba ya zamani.

Kwa hiyo, mjuzi wa mlima ni yule anayekubali kumsikiliza aliyeulima, akapima aliyoyasikia, kisha akafanya kazi pamoja naye. Elimu ya maabara bila mkulima ilizaa matuta ya kulazimishwa. Na mazoea ya wazee peke yake hayatoshi pale ardhi inapokuwa haba. Walimu na wanafunzi wanaoishi milimani, iwe Usambara, Upare, Uluguru au Ungoni, wanayo kazi mbele yao. Waulizeni wazee, na hasa akina mama wakulima: ni chemchemi zipi zilizohifadhiwa, ni miteremko ipi iliyoachwa bila kulimwa, na kwa sababu gani? Yaandikeni majibu yao, kisha yapimeni huko huko mashambani.